Vijana hujifunza uraia kwa kutazama nani anasikilizwa

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nichangie mjadala kuhusu vijana na vyombo vya habari, mjadala ambao huzuka kila uchaguzi unapokaribia na kila kijana anapofanya jambo la aibu mtandaoni. Wapo wanaolaumu simu, wapo wanaolaumu wazazi, na wapo wanaowalaumu vijana wenyewe kwa madai kwamba hawajali mambo ya umma, hawasomi, hawamheshimu mtu na hawajitokezi kupiga kura. Mimi ni mwalimu wa somo la uraia katika shule ya sekondari, na kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kuwafundisha vijana haki na wajibu wao, nina dukuduku la muda mrefu ambalo ningependa kulitoa. Nionavyo mimi, vijana huchota maadili ya uraia kutoka kwenye vyombo vya habari kwa kutazama mwenendo unaokubalika humo, zaidi sana kuliko kwa kusikiliza nasaha zinazotolewa humo. Wanatazama nani anapewa kipaza sauti, anayetukana anafanywaje, aliyekosea anawajibika vipi, na watu wa kawaida wanaonekana wakifanya nini jambo la umma linapowagusa. Kutokana na hayo wanajijengea picha ya namna watu wazima wanavyoishi pamoja, na picha hiyo ndiyo wanayoifuata.

Chukua mfano wa mdahalo niliouendesha darasani kuhusu hoja ya kushusha umri wa kupiga kura hadi miaka 16, kama Austria ilivyofanya mwaka 2007. Msemaji wa upande wa upinzani, kijana mwerevu ambaye insha zake hunifurahisha, hakujibu hata hoja moja ya mwenzake. Aliwageukia wasikilizaji, akanyoosha kidole, akauliza kwa sauti ya juu, "Huyu katumwa na nani?" Mwenzake alipojaribu kuendelea, alimkatiza kwa kurudia, "Jibu swali! Jibu swali!" mpaka darasa zima likalipuka kwa makofi. Baadaye msichana mmoja aliyekuwa ameandika hoja zake kwenye kipande cha karatasi alisimama, akasema kwamba katika suala la kodi mpinzani wake amemshawishi, maana kijana wa miaka 16 aliyeajiriwa hukatwa kodi bila kuwa na sauti juu ya matumizi yake, na kwamba kwa sababu hiyo anabadilisha msimamo. Alizomewa. Nilipowauliza kwa nini wanamzomea mtu aliyesikiliza vizuri kuliko wote, walinijibu bila kusita kwamba ameshindwa. Nilipowauliza tena ni wapi walikoona kwamba kukubali hoja ya mwenzako ni kushindwa, walinitajia vipindi vya mijadala vya runinga na redio, kimoja baada ya kingine, pamoja na video fupi zinazokatwa kutoka kwenye vipindi hivyo na kusambazwa zikiwa na maneno kama "amnyamazisha" na "amuumbua".

Hakuna mtangazaji aliyewahi kuwaambia vijana wale kwamba raia mwema ni yule anayewakatiza wenzake. Waliona tu kwamba mgeni anayepaza sauti na kumshambulia mwenzake ndiye anayealikwa tena wiki inayofuata, ilhali yule aliyekuja na takwimu na upole haonekani tena. Mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha mwaka 1961 kwamba watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere walimpiga vivyo hivyo walipoachwa naye. Katika majaribio aliyoyafanya miaka iliyofuata, kwa kutumia filamu, aliona jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: watoto walioona mpigaji akiadhibiwa walijizuia kumwiga, lakini walioona akizawadiwa, au akiachwa bila kufanywa lolote, walimwiga kwa wepesi. Majaribio hayo yamekosolewa sana, hasa kwa kuwa kumpiga mwanasesere si sawa na kumpiga mtu, na ukosoaji huo ni wa haki. Hata hivyo, hoja kwamba tunajifunza kwa kuangalia kinachompata mtendaji haijaanguka. Kijana anayefuatilia habari kwa miaka michache huona watendaji wengi sana pamoja na yanayowapata. Humwona kiongozi aliyedanganya hadharani akikaribishwa studio kwa heshima zote bila kuulizwa kuhusu uongo wake, na humwona mtumishi wa umma aliyefichua wizi akitajwa mara moja kisha akasahaulika. Mwalimu akija kesho yake na sura ya kitabu inayosema kwamba uaminifu ni nguzo ya uraia, kijana huyo ataiandika vizuri kwenye mtihani na hataiamini.

Ushahidi ulionishawishi kuliko mwingine wowote unatoka Rwanda, nchi inayojua kwa machungu redio inaweza kufanya nini. Kituo cha RTLM, kilichoanza kutangaza mwaka 1993, hakikuwavuta vijana kwa hotuba ndefu. Kiliwavuta kwa muziki uliopendwa, utani wa mitaani na watangazaji waliozungumza kama marafiki, na ndani ya burudani hiyo ikapenyezwa dharau, kisha chuki, na hatimaye uchochezi wa wazi wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, iliwatia hatiani mwaka 2003 waanzilishi wawili wa kituo hicho pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Wengi wetu tunaijua sehemu hiyo ya historia na huitaja kila tunapozungumzia hatari ya vyombo vya habari.

Sehemu isiyotajwa sana ilikuja miaka 10 baada ya mauaji hayo. Mwaka 2004 ulianza kurushwa nchini humo mchezo wa kuigiza wa redio uitwao Musekeweya, uliosimulia uhasama wa jamii mbili jirani, pamoja na vijana wa pande zote mbili waliothubutu kupendana na kuwapinga wakubwa waliochochea vurugu. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia kwa mwaka mmoja vikundi vya wananchi waliousikiliza mchezo huo, akavilinganisha na vikundi vingine vilivyosikiliza mchezo wa kuigiza kuhusu afya. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 ni ya kutafakariwa na kila anayeshika kipaza sauti. Imani binafsi za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni mawazo yao juu ya yale ambayo watu wa jamii yao hufanya na wanapaswa kufanya, kwa mfano kama ni sawa kusema wazi unapotofautiana na wenzako, au kama ndoa kati ya watu wa makundi tofauti inakubalika, na pamoja na mawazo hayo mwenendo wao nao ukabadilika.

Tena mabadiliko hayo yalionekana kwa macho. Utafiti ulipokwisha, kila kikundi kilipewa redio kaseti pamoja na kanda za mchezo ili wanakikundi wavitumie kwa pamoja. Katika vikundi vilivyokuwa vikisikiliza mchezo wa afya, mtu alipopendekeza vitu hivyo akabidhiwe kiongozi wa eneo avitunze, wengine waliafiki na shughuli ikaishia hapo. Katika vikundi vilivyosikiliza Musekeweya, pendekezo la namna hiyo lilipingwa, watu wakajadiliana, na wakaelekea kukubaliana kuvitunza na kuvitumia kwa ushirikiano. Hakuna kilichosemwa katika mchezo ule juu ya nani atunze redio ya kikundi. Lakini kwa mwaka mzima watu wale walikuwa wamewasikia wenzao, watu wa hali kama yao, wakihoji uamuzi wa wakubwa, na ilipofika zamu yao nao wakahoji. Kila ninapofikiria wajibu wa vyombo vya habari kwa vijana, Mhariri, nawafikiria wanakijiji wale wakibishana kwa adabu juu ya redio moja.

Hali kama hiyo imeonekana hata mbali na Rwanda na kwa chombo cha aina tofauti kabisa. Tarehe 2 Novemba 2010, siku ya uchaguzi wa Bunge la Marekani, mtandao wa Facebook uliwaonyesha watumiaji wake wapatao milioni 60 ujumbe wa kuwahimiza kupiga kura ukiambatana na picha za marafiki zao waliokuwa wamebofya kwamba wamekwishapiga. Kundi jingine dogo lilionyeshwa ujumbe huohuo bila picha za marafiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kutokana na zoezi hilo zilipigwa takribani kura 340,000 zaidi, lakini ule ujumbe mtupu usio na sura za marafiki haukuonekana kumsukuma mtu yeyote kwenda kituoni. Himizo peke yake halikufua dafu, ila kumwona mwenzako amefanya kuliwainua watu vitini. (Kwamba kampuni moja ya kibiashara inaweza kuongeza wapiga kura kwa namna hiyo, na kwamba ingetaka ingeweza kuchagua ni akina nani wa kuwahimiza bila mtu mwingine kujua, ni jambo la kutisha linalostahili barua yake.)

Nafahamu jibu ambalo wanahabari huwa nalo tayari, yaani kwamba chombo cha habari ni kioo cha jamii na kwamba sura ikiwa mbaya kioo hakina kosa. Nawaheshimu wanahabari, na baadhi yao ni wanafunzi wangu wa zamani, lakini jibu hilo silikubali. Kioo hakichagui cha kuonyesha, na mhariri huchagua kila siku. Maxwell McCombs na Donald Shaw walichunguza wapiga kura wa mji wa Chapel Hill, Marekani, wakati wa uchaguzi wa mwaka 1968, wakaona kwamba mpangilio wa mambo ambayo wapiga kura waliyataja kuwa mazito ulikaribiana sana na uzito ambao vyombo vya habari viliyapa mambo hayo. Tangu matokeo yao yachapishwe mwaka 1972, tafiti za namna hiyo zimerudiwa katika nchi nyingi. Kama mtu mzima mwenye kazi, familia na uzoefu wake wa maisha huambukizwa na gazeti hisia ya lipi ni kubwa na lipi ni dogo, sembuse kijana ambaye hajawahi kukaa katika kikao cha baraza wala kulipa kodi, ambaye karibu kila anachokijua kuhusu serikali amekiona kwenye skrini.

Na kijana huyo huonyeshwa nini? Niliwahi kuwapa wanafunzi magazeti kadhaa ya siku moja, yote ya kesho yake baada ya bajeti ya serikali kusomwa, nikawaomba watafute mambo matatu: fedha zinatoka wapi, zinakwenda wapi, na mwananchi mwenye maoni ayapeleke wapi kabla bajeti haijapitishwa. La kwanza walilipata kwa shida. La pili walilipata vipandevipande. La tatu hawakulipata katika gazeti hata moja, ingawa kamati ya bunge ilikuwa imekwishatangaza siku za kupokea maoni. Walichokipata kwa wingi ni nani amembana nani, nani ametoka nje kwa hasira, na wachambuzi wanadhani nani amenufaika kisiasa. Msichana yule wa mdahalo ndiye aliyeniuliza, "Mwalimu, kwani sisi tunatakiwa kufanya nini, zaidi ya kuangalia?"

Swali hilo lina historia ndefu kuliko alivyojua. Watafiti Joseph Cappella na Kathleen Hall Jamieson walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba wasomaji na watazamaji wanaopewa siasa kama mchezo wa mbinu, wa nani anaongoza na nani amemzidi mwenzake ujanja, huzidi kuamini kwamba wanasiasa wote wanajitafutia masilahi yao tu. Wanaopewa habari hizohizo kwa upande wa tatizo lenyewe na njia za kulitatua hawakumbwi na kukata tamaa kwa kiwango hicho. Naye George Gerbner, aliyeanza kuchunguza runinga ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, aliona kwamba watu wanaotazama runinga kwa saa nyingi huelekea kuiona dunia kuwa ya hatari kuliko ilivyo na kutowaamini wenzao. Tukiyaweka hayo pamoja tunapata kijana anayeamini kwamba viongozi wote ni walaghai, majirani wote ni wa kuogopwa, na yeye hana la kufanya. Kisha tunaandika tahariri za kumshutumu kwamba hajitokezi.

Sikubaliani kabisa na madai kwamba vijana hawajali. Nchini Kenya mwaka 2024, vijana waliuchambua Mswada wa Fedha mtandaoni kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakarekodi video fupi za kueleza kodi hii itamgusa nani na ile itaongeza gharama ya nini, wakasambaza namba za simu za wabunge ili wananchi wawaulize wenyewe. Tarehe 26 Juni, siku moja baada ya waandamanaji kuingia katika majengo ya Bunge na baadhi yao kuuawa, Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini mswada ule. Watu wanaweza kutofautiana juu ya mengi yaliyotokea katika siku zile, na damu iliyomwagika haisahauliki. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba kizazi kinachosoma mswada wa kodi kwa hiari, kwa kalamu na daftari, ni kizazi kisichojali. Vijana wale waliifanya wenyewe kazi ya kueleza sheria kwa lugha inayoeleweka, kazi ambayo kwa desturi tungeitarajia kutoka kwenye magazeti na vituo vya utangazaji.

Ndiyo maana naumizwa na jinsi vijana wanavyoonyeshwa katika habari za kila siku. Kijana hutokea akiwa mshtakiwa, mwathirika, msanii au mchezaji, na akialikwa katika kipindi cha mambo ya umma huulizwa "vijana mnasemaje?", kana kwamba anawakilisha kabila lenye fikra moja. Haulizwi kuhusu maji, ardhi, mahakama au mikopo ya serikali kama mtu mwingine mwenye akili zake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto, katika kifungu cha 12, haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu na maoni hayo kupewa uzito kulingana na umri na upeo wake, na katika kifungu cha 17 unatambua nafasi muhimu ya vyombo vya habari katika malezi yake. Nikiwasomea wanafunzi wangu vifungu hivyo huniuliza kama wahariri wanavifahamu.

Mitandao ya kijamii imelifanya jambo hili kuwa gumu zaidi, ingawa sidhani kama imeleta tatizo jipya kabisa. Watafiti wa taasisi ya MIT walichunguza habari zilizosambaa kwenye Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017, wakaeleza mwaka 2018 kwamba habari za uongo zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 70 wa kusambazwa tena kuliko za kweli, na kwamba waliozisambaza hivyo ni binadamu, si programu zinazojiendesha. Uongo huwa na ladha ya mshangao, na algoriti, yaani kanuni za kompyuta zinazochagua tuonyeshwe nini mtandaoni, hupenda kile kinachotushtua. Kwa upande mwingine, watafiti wa Stanford walipowapima wanafunzi wa Marekani mwaka 2016, zaidi ya asilimia 80 ya wale wa ngazi ya chini ya sekondari walidhani kwamba tangazo la kulipiwa lililoandikwa kwa sura ya habari ni habari halisi. Hilo si kosa la watoto. Tangazo lile lilitengenezwa makusudi lifanane na habari, na magazeti yenye heshima hukubali malipo kwa ajili ya kurasa za namna hiyo huku yakiweka neno la tahadhari kwa herufi ndogo pembeni.

Baadhi ya nchi zimechagua kufunga mlango. Australia ilipitisha mwaka 2024 sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa, na sheria hiyo ilianza kutumika Desemba 2025. Sipingi kuwalinda watoto dhidi ya makampuni yanayouza usikivu wao, lakini anayetimiza miaka 16 leo ataingia humo kesho, na kama hakufundishwa kitu ataingia mikono mitupu. Naona Finland imeshika njia ya busara zaidi kwa kuingiza elimu ya vyombo vya habari katika mitaala yake kuanzia malezi ya awali na kuisambaza katika masomo yote. Katika darasa langu nimeanza na jambo dogo nililolichukua kwa watafiti Sam Wineburg na Sarah McGrew, walioona kwamba wahakiki wa taarifa wenye ujuzi hawakai kwenye tovuti wasiyoijua wakiikagua kwa muonekano wake. Huiacha mapema, hufungua kurasa nyingine, na kutafuta wengine wanasema nini kuhusu mwenye tovuti hiyo, ilhali wanafunzi wa chuo kikuu, na hata wanahistoria wenye shahada za juu, hukaa palepale wakivutiwa na nembo na mpangilio mzuri. Wanafunzi wangu wameushika utaratibu huo haraka, na sasa hunikagua hata mimi ninapowaletea makala.

Lakini elimu ya mpokeaji haiwezi kuwa kisingizio cha mtoaji kuendelea na yaleyale. Ombi langu la kwanza kwa wahariri na waandaaji wa vipindi ni juu ya masahihisho. Mnapokosea, sahihisheni mahali palepale mlipokosea na kwa uzito uleule. Uongo uliokaa ukurasa wa kwanza haufutwi kwa mistari miwili katika ukurasa wa ndani, na kijana anayeona chombo kikubwa kikikiri kosa lake waziwazi bila kubabaika hupata mfano bora wa uwajibikaji kuliko sura yoyote ya kitabu changu. Msiishie pia kwenye kishindo cha habari. Mkituambia daraja limebomoka, rudini baada ya miezi sita mtuambie nani aliulizwa, alijibu nini na fedha za matengenezo zilifika wapi, kwa sababu kijana anayeona mwanzo wa kashfa nyingi bila kuona mwisho hata mmoja hujifunza kwamba hakuna kinachofika mwisho. Kila habari ya mswada, bajeti au kesi ya umma iambatane na maelezo ya hatua inayofuata, na mwananchi anaweza kushiriki wapi na lini. Ni mistari mitatu tu, na hiyo ndiyo mistari ambayo wanafunzi wangu waliitafuta wakaikosa.

Kwa waendesha mijadala nina neno pia. Mgeni anayekataa kujibu na kuanza kumtukana mwenzake asialikwe tena kana kwamba amefanya jambo la kupongezwa, na mgeni anayesema "hapo nimekuelewa, nilikuwa sijaliona hivyo" apewe muda wa kueleza ni kipi kilichombadilisha. Naelewa kwamba kelele huleta watazamaji na watazamaji huleta matangazo, na sidharau ugumu wa kulipa mishahara ya chumba cha habari wakati mapato ya matangazo yamehamia kwa makampuni ya mitandao. Hata hivyo, anayejenga biashara yake juu ya matusi hawezi wakati huohuo kuandika tahariri ya kusikitikia vijana wasio na adabu ya mazungumzo. Na kuhusu matangazo yanayovaa sura ya habari, neno "Tangazo" liwekwe juu kabisa, kwa herufi ambazo mtoto wa miaka 12 ataziona kabla hajaanza kusoma.

Mwisho, Mhariri, nina ombi linalouhusu ukurasa wako huu moja kwa moja. Natamani utenge sehemu yake kwa ajili ya barua za vijana walio shuleni na walio nje ya shule, zihaririwe kwa ukali uleule unaoutumia kwa barua zetu sisi watu wazima, na pale zinapouliza swali kwa ofisi ya umma, gazeti liipelekee ofisi hiyo swali hilo na kuchapisha jibu, au kuchapisha kwamba jibu halikutolewa. Wanafunzi wangu wameshaandika. Wapo waliouliza kwa nini maktaba ya umma hufungwa katika saa ambazo wao hutoka shule, na wapo waliouliza ripoti ya ukaguzi wa shule zao inaweza kusomwa wapi. Zile zilizokuwa na madai yasiyo na ushahidi nimewarudishia wazifanyie kazi upya. Zilizobaki ziko tayari, na nitazituma kwa utaratibu utakaouelekeza.

Wako msomaji,

Mwalimu wa somo la uraia